Pigo la Tatu la Dobi

Kama umewahi kucheza lile gemu la mafundi wanaopigana, basi Dobi unamjua. Ni yule mama mfupi aliyejifunga kilemba, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwikoni, anayeingia uwanjani na kapu la nguo ubavuni wakati wenzake wanaingia na nyundo, misumeno na mapande ya chuma. Mara ya kwanza watu humcheka. Akishawakamua, adabu inawarudia. Ana mapigo makuu matatu, na hilo la tatu limewagombanisha wachezaji mpaka leo: wapo wanaosema si pigo, ni mzaha wa waliotengeneza. Waache waseme. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na aliyeliunda hilo la tatu mimi namfahamu. Siku anaiunda kazi hiyo hakuwa na habari kabisa kwamba anapigana na mtu.

Dobi wa kweli anafanya kazi chini kabisa ya hospitali, kwenye chumba cha kufulia. Dirisha liko moja, jembamba, karibu na dari, na kupitia hapo huoni watu, unaona viatu vyao tu. Kuna mashine mbili kubwa. Moja inazunguka kimya kimya, nyingine inanung'unika kutwa kama mama mkwe aliyekaribishwa chai ya jana. Kuna pasi, kuna makapu ya magurudumu, na katikati kuna meza ndefu ya mbao iliyolainika kwa mikono ya watu. Mashuka ya wodi zote hushuka huko na damu, jasho na uji, kisha hupanda juu yakiwa meupe. Nani aliyelala juu yake, kapona au hakupona, dobi haulizi, ingawa mara nyingi anajua.

Anajua kwa sababu vitanda husema. Shuka moja likishuka, mgonjwa yupo, kabadilishiwa tu. Lakini yakishuka mashuka mawili, blanketi na foronya, vyote kwa pamoja, kitanda hicho kimevuliwa nguo, na mwenyewe hayupo tena. Ama karudi nyumbani, ama lile jingine.

Zamani walikuwa wawili humo ndani. Mwenzake aliitwa Twiga, na hukuhitaji kuuliza kwa nini, maana aliinama kila alipopita mlangoni. Dobi alimfikia kwapani. Sasa hebu fikiria watu hao wawili wanakunja shuka pamoja! Kila mmoja anashika pembe zake mbili, wanalivuta linyooke, wanalikunja kwa urefu, halafu mmoja anamwendea mwenzake na kumkabidhi pembe, anainama kuokota mkunjo uliobaki chini, anarudi nyuma, wanavuta tena. Walipatana tangu wiki ya kwanza kwamba mfupi ndiye atakayekwenda na mrefu atangoja, kwa kuwa Twiga miguu ilimuuma. Angeweza walau kuinamisha mikono. Hakuinamisha. Aliishikilia juu kifuani pake, akamtazama mwenzake anavyopanda kwa ncha za vidole huku kanyanyua uso, akasema, "Njoo huku juu, mama, huku kuna hewa."

"Siku moja nitakuja na ngazi nikuvue hicho kilemba," Dobi alikuwa akimjibu.

Hivyo miaka ikaenda. Walisemezana habari za watoto, za waume, za mabega yanayouma, shuka likiwa katikati yao. Waligombana pia, tena sana, maana wote wawili walikuwa na ulimi. Lakini huwezi kumnunia kwa siku nzima mtu unayekutana naye pua kwa pua kila shuka. Ukifika la tano au la sita, mmoja wenu atacheka tu.

Kisha Twiga akaugua, akalazwa juu, wodi ya wanawake. Dobi akamchagulia mashuka mawili laini kuliko yote, akayatia alama ya uzi wa buluu pembeni, akamsihi muuguzi kwamba hayo yawe ya mgonjwa wake. Kila yaliposhuka aliyafua mwenyewe kwa mkono na kuyapandisha mwenyewe, akakaa kidogo pembeni ya kitanda. "Umeyakunja na nani?" Twiga alimuuliza siku hiyo ya mwisho. "Na ukuta," akajibu Dobi, na mgonjwa akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi iliyofuata kapu likashuka kabla mtu yeyote hajashuka. Dobi akatoa foronya. Akatoa blanketi. Akatoa shuka lenye uzi wa buluu, na chini yake la pili. Hakuna aliyemwambia, na hakumngoja wa kumwambia. Akakaa juu ya kapu lililopinduliwa, akalia peke yake, mashine ile ikinung'unika.

Akayafua yale mashuka, yakakauka. Alipoyachukua kuyakunja akashika pembe mbili, akanyanyua uso, na mbele hapakuwa na mtu. Akayalaza juu ya meza, akayabana kwa kidevu, akayakunja hivyo hivyo. Tangu siku hiyo ndivyo anavyokunja. Utawala ukamletea msaidizi, bwana mmoja mnene aliyekuwa akilinda getini, mpole wa maneno na wa mwendo, waliyemwita Bwana Pole. Mara kwa mara yule bwana husogea na kusema, "Mama, nikushikie huku?"

"Acha. Nimezoea."

Mazoea yana taabu, lakini Bwana Pole si mtu wa kubishana. Hurudi kwenye makapu yake.

Basi Dobi ana binti, na huyo binti kazi yake ni kuwafanya watu wa kwenye kompyuta watembee. Ofisi yao iko ghorofani juu ya duka la matairi, vyumba viwili vyenye nyaya kila mahali, na bosi wao ni kijana ambaye vile vya kusikilizia muziki havijawahi kutoka shingoni mwake, labda hata akioga. Walikuwa wanaunda lile gemu la mafundi. Walishapata mhunzi, mwashi na kinyozi mwenye wembe. Siku moja katika kupumzika binti akawaigizia mama yake anavyokamua blanketi, na bosi akasimama kwenye kiti. "Huyo ni nani? Mlete!"

Mama akaletwa. Shida ya kwanza ikawa nguo. Anayerekodiwa huvaa suti nyeusi ya kubana mwili mzima, imepachikwa vidude vyeupe vinavyosomwa na kamera za ukutani. Dobi akaiangalia ile suti, akamwangalia binti yake. "Yaani nivae hii mbele ya watoto wa watu? Na umri huu?" Akaomba kujifunga shuka kiunoni, wakasema kamera hazitaona nyonga. "Nyonga zangu zinawahusu nini?" Mwisho ikaamuliwa wanaume wote wageukie ukuta, bosi akiwemo, na binti peke yake ndiye abaki kwenye mitambo. Ndivyo mapigo makuu ya Dobi yalivyorekodiwa, wanaume wanne wakiwa wameutazama ukuta kama watoto waliokosea darasani.

La kwanza ni Kung'uta. Alilipata ujanani, pale kibarua mmoja mlevi alipozoea kushuka chini kumsumbua Twiga. Dobi alikuwa na taulo bichi mkononi. Alilikung'uta mara moja tu, ncha ikamfikia yule bwana kwenye kifundo cha mkono, na mpaka anastaafu hakushuka tena ngazi zile. La pili ni Kamua, na hilo ni la urithi. Mama yake Dobi alifulia nyumba za watu, akamfundisha kwamba blanketi zito halikamuliwi kwa vidole, vidole vitakufa. Unalizungusha kwenye mkono mpaka kiwiko, unageuza bega na kiuno, mwili wote unaingia kazini. Binti alipoliona lile kwenye kioo cha kompyuta akasisimka. Alikuwa anamwona bibi yake.

"Mama, sasa kunja tu shuka," akasema binti. "La kawaida, tunataka mwendo wa Dobi akiwa anasubiri zamu yake."

"Shuka liko wapi?"

"Hakuna, litaficha vidude. Shika hewa."

"Na meza?"

"Meza nayo itaficha."

Hapo ndipo lilipozaliwa la tatu. Kama wangempa meza, angekunja kwa kidevu na habari ingeishia hapo. Hakupewa meza, na mwili ulipokosa meza ukarudi kwenye njia yake ya zamani. Dobi akashika pembe mbili za hewa, akavuta, akakunja kwa urefu, akapiga hatua kwenda mbele, akapanda kwa ncha za vidole, akanyanyua uso, akainua mikono yote miwili kukabidhi. Kisha akangoja. Hakushusha. Binti mkono ulikuwa mdomoni, kwa sababu alijua vizuri ni mikono ya nani ilikuwa haipo pale juu. Utotoni alikuwa akitoka shule anakaa juu ya ile meza ndefu anawatazama. Yeye alimwita Twiga mama mkubwa.

Binti akazima kamera. Mama akashusha mikono, akajifuta uso kwa kiganja, akasema jasho.

Wiki kadhaa zikapita, wakamwalika Dobi kuja kuona. Akavaa gauni lake zuri. Wakamkalisha mbele, picha ikawaka ukutani. Kung'uta akaicheka mpaka machozi. Kamua akaipigia makofi. "Ala! Mpaka mgongo wangu mmeubeba!" Bosi akasema, "Subiri, mama. Sasa la tatu, hili ndilo baba lao." Na Dobi akamwona yule mama mfupi anapiga hatua mbele, anapanda kwa ncha za vidole, ananyanyua uso. Hapo shuka likashuka juu ya kichwa cha adui, likambana shingo, likambana kifua, adui akarusha miguu, akalegea. Kikabaki chini kitambaa cheupe chenye umbo la mtu.

Wote wakashangilia. Dobi alikuwa amesimama. Umbo lile analijua, amepishana nalo kwenye korido za hospitali mara nyingi. "Asanteni, wanangu," akasema, akachukua mkoba wake akateremka ngazi.

Binti aliporudi nyumbani alimkuta mama yake anasugua sakafu ya jikoni, na sakafu ilikuwa safi.

"Mama, umekasirika."

"Sijakasirika." Akaendelea kusugua. "Zile hatua zilikuwa zinakwenda kwa nani?"

Binti akajifanya anatafuta pa kuweka mkoba.

"Unajua. Usijifanye hujui. Miaka yote mimi nampa yule pembe, yeye anapokea. Leo mmenifanya nimemfunika uso na kumziba pumzi. Na kila mwenye simu atanishika mkono nimuue Twiga, tena na tena, watu wakipiga makofi."

"Wao wataona adui tu, mama. Mama mkubwa hawamjui."

"Mimi namjua." Akaacha kusugua. "Liondoe. Yale mawili chukueni, nimewapa. Hilo liondoe."

Binti akakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji. Akaeleza kwamba amekwisha kuomba, na bosi amekataa katakata. Ndilo analolipenda kuliko yote. "Mama, mwendo wako uliishia hewani. Uliinua mikono ukangoja mpaka nikazima kamera. Mwendo usio na mwisho hauingii kwenye gemu, kwa hiyo akaupa mwisho anaoujua yeye. Nilipomng'ang'ania akasema hivi: nikimletea mwisho wake wa kweli kabla gemu halijatoka, atautazama. Nisipouleta, linabaki hivyo."

"Mwisho wake wa kweli unataka mtu wa pili."

"Ndiyo."

"Sina mtu wa pili," akasema Dobi, akanyanyuka na ndoo yake.

Usimhukumu haraka. Wewe ungefanyaje? Akimpa mtu mwingine zile pembe, amekubali kwamba mahali pa Twiga pana mtu. Asipompa, Twiga ataendelea kunyongwa na shuka siku zote, katika kila nyumba yenye gemu. Alikwenda nalo kazini hilo. Akayalaza mashuka juu ya meza, akayabana kwa kidevu, akakunja. Bwana Pole akasogea, "Mama, nikushikie..." akafokewa hata hakumaliza. Yule bwana akarudi nyuma taratibu kama kawaida yake, na Dobi akaona haya.

Akalitazama rundo alilokunja. Kila shuka lilikuwa limekwenda upande. Akamsikia Twiga kabisa, vile ambavyo angesema: "Haya ndiyo makunjo gani, mama? Haya ni mashuka au yametapikwa na mbuzi?" Akacheka peke yake, kisha kicheko kikageuka. Bwana Pole akajifanya anahesabu foronya. Jioni ile Dobi akamwambia binti, "Waambie wageukie ukuta tena."

Safari hii suti zilikuwa mbili, kwa kuwa mtu wa pili alikuwa binti mwenyewe, na mitambo ikaachiwa msichana mwingine wa pale ofisini. Binti alikuja amejiandaa. Alijua mikono ya mama yake itapanda mpaka wapi, kompyuta ilimwonyesha, na yeye ni mfupi kama aliyemzaa. Akaleta kreti la soda, akaligeuza, akapanda juu yake, akashikilia mikono kifuani kama alivyomwona mama mkubwa akifanya.

Dobi akashika pembe zake za hewa. Akavuta, akakunja, akaja mbele, akapanda kwa ncha za vidole, akanyanyua uso. Kreti likacheza. Juu kule akauona uso wa mwanawe umekaza macho, unatetemeka, unajitahidi kuwa mrefu.

"Teremka hapo," akasema.

"Mama, huu ndio urefu wake, nimepima..."

"Teremka, utaanguka. Wewe si Twiga."

Binti akateremka. Dobi alikuwa bado mikono iko juu. Ilikuwa juu kwa Twiga, mahali ilipokuwa imezoea, na sasa mbele ya mahali pale hapakuwa na kitu ila ukuta na kamera. Akasimama hivyo, vidole vya miguu vikimtetemeka. Halafu akatua visigino chini. Akashusha uso. Akaanza kushusha mikono, polepole mno, kama mtu anayebeba chombo kilichojaa, machozi yakimtiririka waziwazi bila kusema ni jasho, mpaka ilipofika kifuani kwa mwanawe. Binti akapokea. Vidole vikagusana. Mama akainama, akaokota mkunjo, akarudi nyuma, wakavuta.

"Vuta vizuri," akasema Dobi. "Usilegeze kama mtu asiyekula."

Mmoja wa wale wa ukutani alivuta kamasi. Sitasema ni nani, ila alikuwa na vitu vya muziki shingoni.

Hata hivyo bosi ni bosi. Walipomwonyesha alijikuna kichwa. "Nzuri, sikatai. Lakini sasa adui anakufa saa ngapi?"

"Si tayari amepigwa?" akasema Dobi. "Dobi wenu ana mapigo mawili ya kumpigia. Hili la tatu amwinue."

"Na huyo adui akikataa kupokea?"

"Atangojwa. Kwani mimi sikungoja?"

Wakabishana bosi na binti siku mbili tatu, na mwisho ikawa hivi unavyoijua. Adui akishaanguka, Dobi anamwendea, anapanda kwa ncha za vidole, kisha anashusha pembe taratibu mpaka kimo cha yeyote aliye mbele yake, anangoja. Aliyeshindwa akibonyeza kitufe chochote, anainuka, anapokea, wanakunja shuka, na pambano linaisha bila maiti. Asipobonyeza, Dobi anasimama pale pale mpaka muda unakwisha. Wengi hawajui, kwa sababu aliyeshindwa huwa amekwisha kuitupa simu kitandani kwa hasira.

Gemu lilipotoka, Bwana Pole alikuwa wa kwanza kulitia kwenye simu yake. Mchana mmoja wa mapumziko akawa anacheza amekaa juu ya kapu lililopinduliwa, akiwa mwashi, na simu yenyewe ikimchezea Dobi. Akakung'utwa, akakamuliwa, akalala chali. Kisha akashangaa.

"Mama, huyu wako kasimama tu na shuka. Ananingojea nini?"

Dobi hakwenda kutazama. Alichukua shuka kwenye kamba, akapita kando ya ile meza ndefu bila kusimama, akafika katikati ya chumba na pembe mbili mkononi.

"Njoo ushike huku," akasema.

Bwana Pole aliweka simu chini. Alijifuta mikono kwenye suruali, mara moja, mara ya pili, akaja, akashika pembe zake kwa woga kama anayekabidhiwa mtoto mchanga. Wakavuta, wakakunja kwa urefu. Yule bwana ni mrefu kidogo kumpita binti, na ni mfupi sana ukimweka na Twiga. Dobi akamwendea, akapanda kwa ncha za vidole kwa mazoea, kisha akatua visigino na kuitafuta mikono ya Bwana Pole ilipo.